Chuo chenye jina kubwa, au kozi unayoitaka bila deni?

Swali: "Shikamoo Mwalimu. Nimepata nafasi katika vyuo vikuu viwili. Cha kwanza kinajulikana dunia nzima, ila wamenipangia sosholojia, ambayo ilikuwa chaguo langu la tatu, na ufadhili wao unalipa nusu ya gharama tu. Nusu nyingine itabidi tukope. Cha pili hakina jina kubwa, lakini wamenipa takwimu, kozi niliyoitamani miaka yote, na wanalipa ada yote. Mimi ndiye binti wa kwanza katika ukoo wetu kufika chuo kikuu. Baba anasema jina la chuo litanibeba maisha yangu yote. Mama anaogopa deni kuliko kitu kingine chochote. Natakiwa kujibu ndani ya wiki tatu. Je, chuo chenye jina kina thamani hiyo kweli?"

Marahaba, mwanangu. Nakupa hongera kabla ya yote, kwa sababu naona katika barua yako hofu imekuwa kubwa kuliko furaha. Vyuo viwili vimekusoma na vyote vimekutaka. Hilo lishike vizuri, maana nitalirudia.

Baba yako hajakosea anaposema kwamba waliosoma vyuo vyenye majina wanafika mbali. Wanafika. Ukiwahesabu majaji, mawaziri, wakuu wa makampuni na washindi wa tuzo, majina ya vyuo vilevile vichache yanajirudia. Ila hapo kuna maswali mawili yaliyofungwa kitita kimoja. La kwanza: je, wahitimu wa vyuo hivyo wanafanikiwa kuliko wengine? La pili: je, ni chuo ndicho kilichowafanikisha? Harvard hupokea waombaji wasiofika 5 katika kila 100. Chuo kinachochagua namna hiyo kinaanza na vijana ambao wangefanya vizuri popote pale, na wengi wao wanatoka nyumba zenye uwezo. Miaka minne baadaye wanatoka wakiwa wamefanikiwa, na sifa zote anapewa chuo. Unawezaje kujua sehemu ipi ni ya kijana na ipi ni ya chuo?

Wachumi wawili wa Marekani, Stacy Dale na Alan Krueger, walipata njia nzuri ya kulijibu hilo katika utafiti waliouchapisha mwaka 2002. Waliwafuatilia wanafunzi walioanza chuo mwaka 1976, lakini hawakuwalinganisha kiholela. Walitafuta wale walioomba vyuo vinavyofanana na kupata majibu yanayofanana, yaani wamekubaliwa na kukataliwa na vyuo vya ngazi ileile, kisha mmoja akaenda kwenye jina kubwa na mwenzake, kwa sababu zake mwenyewe, akaenda kwenye jina dogo. Hao wawili walikuwa wamepimwa na jicho lilelile na kuonekana sawa. Miaka mingi baadaye, walipoangalia vipato vyao, kwa wengi tofauti ilikuwa karibu na sifuri. Kilichotabiri kipato vizuri zaidi ni vyuo ambavyo mtu alithubutu kuviomba, hata kama vilimkataa. Yaani ile ari iliyomfanya aombe, na uwezo uliompa ujasiri wa kuomba, alitembea navyo popote alipokwenda.

Ndiyo maana nimekuambia ushike ile habari ya kukubaliwa. Yale ambayo chuo kikubwa kiliyaona ndani yako hayabaki langoni kwao ukiamua kwenda kwingine.

Ningeweza kuishia hapo na kumpa mama yako ushindi, lakini ningekuwa nimekunyima nusu ya ukweli, tena nusu inayokuhusu wewe hasa. Dale na Krueger walikuta kundi moja ambalo jina la chuo liliwasaidia kweli: watoto wa familia zenye kipato cha chini. Waliporudia kazi yao kwa kutumia kumbukumbu za serikali za mapato, walikuta pia faida kwa wanafunzi weusi, kwa wenye asili ya Amerika ya Kilatini, na kwa wale ambao wazazi wao hawakusoma sana. Wa kwanza katika ukoo, kama wewe.

Sababu yake si ngumu kuiona. Mtoto wa mwanasheria anamkuta mwanasheria mezani wakati wa chakula cha jioni. Anajua maana ya mafunzo ya kazini kabla hajafika mwaka wa pili, anajua wasifu unaandikwaje, anajua nani apigiwe simu. Chuo chenye jina hakimwongezei mengi, kwa kuwa alishakuwa nayo nyumbani. Wewe hayo yote unakwenda kuyatafuta, na mahali yanapopatikana kwa wingi ni kule ambako watoto wa namna hiyo wamejaa. Kwa hiyo mtu akikuambia "utafiti umeonyesha jina la chuo halina maana", muulize: halina maana kwa nani?

Mwaka 2023 ukatoka utafiti mwingine mkubwa wa Raj Chetty, David Deming na John Friedman. Wao waliviangalia vyuo 12 tu: vile vinane vya kundi la Ivy League, yaani vyuo vya binafsi vyenye hadhi kubwa Marekani, Harvard kikiwemo, pamoja na Stanford, MIT, Duke na Chicago. Waliwachukua waombaji waliowekwa kwenye orodha ya kusubiri, wengine wakaitwa na wengine wasiitwe, jambo ambalo kwa sehemu kubwa linafanana na bahati. Walipolinganisha na kusoma katika chuo kikuu kizuri cha umma, wastani wa kipato haukupanda kwa kiasi cha kutiliwa maanani. Hilo linakubaliana na Dale na Krueger. Lakini nafasi ya kufika kwenye ile asilimia 1 ya juu kabisa ya kipato iliongezeka kwa takribani nusu. Nafasi ya kuingia shule bora za shahada za juu ilikaribia mara mbili, na ya kuajiriwa na taasisi zenye hadhi kubwa ikafika mara tatu.

Ukivisoma vitu hivyo viwili pamoja unaona jina linavyofanya kazi. Linafungua milango michache, ya juu, ambayo bila jina hilo ni migumu kugongwa. Benki kubwa za uwekezaji, kampuni kubwa za ushauri wa biashara na za sheria zina orodha ya vyuo zinakokwenda kutafuta vijana. Mwanasosholojia Lauren Rivera alilichunguza jambo hili kwa undani na kuonyesha kwamba aliyesoma nje ya orodha, barua yake mara nyingi haisomwi kabisa. Ikiwa ndoto yako iko nyuma ya mlango wa namna hiyo, baba yako ana hoja nzito. Lakini kwa mwalimu, mhandisi, muuguzi, mtakwimu wa wizara, mchambuzi wa data wa kampuni ya kawaida, yaani kazi nyingi ambazo watu wanazifanya na kuishi nazo vizuri, mlango haukufungwa kwa jina.

Nimekaa upande wa pili wa meza ya usaili miaka mingi, na nakuambia nilichokiona. Jina kubwa hufanya faili lako lishikwe mkononi sekunde kadhaa zaidi. Kwa kazi ya kwanza, sekunde hizo zina thamani. Mara msailiwa anapoanza kujibu maswali, jina linafifia, na kwa kazi ya pili au ya tatu sikumbuki tukibishana kuhusu chuo. Tulibishana kuhusu kazi alizofanya.

Lipo jambo jingine ambalo wanaosifu mitandao ya vyuo vikubwa hawalisemi, nami linanisumbua. Seth Zimmerman alifanya utafiti nchini Chile, akautoa mwaka 2019, kuhusu kozi zinazoshindaniwa sana za sheria, uhandisi na biashara katika vyuo vya juu vya nchi hiyo. Aliwalinganisha waliopita kwa alama kidogo na waliokosa kwa alama kidogo. Kuingia kozi hizo kuliongeza sana uwezekano wa kuwa kiongozi wa kampuni kubwa na kufika kwenye vipato vya juu kabisa. Ila faida hiyo ilikwenda kwa wavulana waliotoka shule za binafsi za gharama kubwa. Wasichana, na wavulana waliotoka shule nyingine, hawakuipata, ingawa walikaa madarasa yaleyale na kupewa vyeti vilevile.

Utasema, mbona Marekani matokeo yalikuwa kinyume, aliyetoka chini ndiye aliyefaidika? Mimi naona yote mawili yanatuambia kitu kimoja. Mtandao ni watu. Kukaa nao darasa moja hakutoshi, lazima wakufungulie. Pale ambapo chuo kimejenga njia za makusudi za kumfikisha mwanafunzi asiye na jamaa kwa waajiri na wahitimu wa zamani, jina linamsaidia yule asiye na kitu. Pale ambapo urafiki unafuata shule mlizotoka na likizo mnazokwenda pamoja, unaweza kukaa miaka minne katikati ya mtandao na usiwe ndani yake. Hili huwezi kulijua kwa kuangalia jina. Lazima uulize, na nitakuambia uulize nini.

Sasa nifike kwenye lile ambalo katika barua yako umelitaja kwa maneno machache, nami naona ndilo kubwa kuliko yote: kozi. Umeandika "wamenipangia sosholojia" kana kwamba ni jambo dogo la kuvumiliwa ili upate jina. Sosholojia ni taaluma ninayoiheshimu. Huyo Rivera niliyemtegemea hapo juu ni mwanasosholojia. Lakini si uliyoitaka.

Norway wana mfumo mmoja wa udahili kwa nchi nzima. Mwombaji anapanga machaguo yake kwa mfuatano, na alama zinaamua. Kwa hiyo watafiti wanaweza kuona mtu alitaka nini kwanza, alitaka nini pili, na nani alikosa kwa alama ndogo sana. Lars Kirkebøen, Edwin Leuven na Magne Mogstad waliitumia nafasi hiyo katika utafiti wa mwaka 2016. Walikuta kwamba unachosoma kinagusa kipato chako kwa kiasi kikubwa, huku unakosoma kukichangia kidogo tu ukishazingatia fani. Pia matokeo yao yanaendana na wazo kwamba watu huelekea kuchagua fani ambazo wao wenyewe wanazimudu kuliko nyingine. Kijana anayesema "takwimu ndiyo yangu" mara nyingi anajua kitu kuhusu nafsi yake ambacho mzazi na mshauri hawakijui.

Nilimpokea ofisini kwangu, miaka mingi iliyopita, kijana wa mwaka wa pili aliyekuwa amefanya hesabu hiyohiyo ya kuvumilia kozi kwa ajili ya jina. Hakuwa mvivu wala hakuwa na uwezo mdogo. Alikuwa akisoma usiku na mchana kitu ambacho hakikumgusa, akishindana na wenzake waliokipenda. Alama zake zilikuwa za katikati, na kila muhula zilikuwa zikishuka. Aliniambia hata jina la chuo alikuwa anaona haya kulitaja, kwa kuwa watu walitegemea makubwa. Tulimhamisha kozi, na ilimgharimu mwaka mzima. Yeye alipata njia ya kuhama. Kuna vyuo ambavyo njia hiyo haipo.

Utaratibu wa kuhama unatofautiana sana. Vyuo vingi vya Marekani humwacha mwanafunzi achague fani yake baada ya mwaka mmoja au miwili. Uingereza, kwa kawaida unadahiliwa kwenye kozi maalumu, na kuhama kunategemea nafasi na alama. Usikubali kuambiwa na mtu wa nje kwamba "ukifika huko utabadilisha tu". Hilo linatoka kwenye ofisi ya udahili, kwa maandishi, au halipo.

Tuje kwenye hofu ya mama yako. Tufanye hesabu kwa sarafu yoyote. Ukikopa 1,000 kwa riba ya asilimia 7 kwa mwaka na kulipa kila mwezi kwa miaka 10, utarudisha karibu 1,390. Ikiwa riba inaanza kuhesabiwa siku ile unapochukua mkopo, na wewe huanzi kulipa mpaka umalize miaka minne ya masomo, ile 1,000 ya mwaka wa kwanza inapita 1,780. Zidisha kwa nusu ya gharama za miaka yote, mwonyeshe baba karatasi hiyo. Na gharama usiandike ada peke yake. Weka malazi, chakula, bima, vitabu na nauli za kwenda na kurudi.

Zaidi ya fedha, deni linachagua kazi kwa niaba yako. Jesse Rothstein na Cecilia Rouse walichunguza chuo kimoja chenye ushindani mkubwa ambacho kiliacha kuwapa wanafunzi mikopo na kuwapa ruzuku badala yake. Utafiti wao wa mwaka 2011 ulionyesha kwamba wahitimu wenye deni walielekea zaidi kwenye kazi zenye mshahara mkubwa na kukimbia kazi za kuhudumia jamii, kama ualimu. Ukimaliza bila deni unaweza kuchukua kazi ya kwanza inayokufundisha, hata kama inalipa kidogo. Kwa mtakwimu kijana uhuru huo ni mtaji.

Kuhusu orodha za ubora wa vyuo, ambazo nina hakika baba amekuonyesha, nitasema kidogo tu. Ile ya Shanghai, iliyoanza mwaka 2003, inatoa asilimia 30 ya alama zake kwa tuzo za Nobel na medali za Fields (tuzo kubwa ya hisabati) zilizopatikana na wahitimu na wahadhiri. Ile ya QS inaweka uzito mkubwa kuliko wote kwenye maoni ya wanataaluma kuhusu sifa ya chuo. Hakuna anayekaa nyuma ya darasa la mwaka wa kwanza kuona kama unafundishwa. Na mwaka 2022, baada ya profesa wake mwenyewe wa hisabati kuzitilia shaka takwimu zilizopelekwa, Chuo Kikuu cha Columbia cha New York kilishuka kwenye orodha ya vyuo vya Marekani ya U.S. News kutoka nafasi ya 2 hadi ya 18. Mafundisho hayakubadilika kwa mwaka mmoja kiasi hicho.

Nisije nikaonekana navitukuza vyuo vidogo. Kuna hatari ya kweli upande huo. William Bowen na wenzake walionyesha mwaka 2009 kwamba wanafunzi wenye uwezo wanaokwenda vyuo vya chini ya uwezo wao humaliza shahada kwa kiwango kidogo kuliko wenzao wa uwezo uleule waliokwenda vyuo vyenye ushindani. Pale ambapo wengi wanaacha njiani, kuacha kunakuwa jambo la kawaida. Pale ambapo karibu wote wanamaliza, nawe unavutwa. Kwa hiyo chuo cha pili kisipewe msamaha kwa sababu kinakulipia. Nacho kichunguzwe.

Kwa maelezo uliyonipa, ningekuwa wewe ningekwenda chuo cha pili kusoma takwimu. Sisemi hivyo kwa kudharau jina, na najua kwamba wewe ni mmoja wa wale ambao jina huwasaidia. Lakini jina hilo limekujia na kozi usiyoitaka pamoja na deni, na faida ya jina haina uhakika wa kuyabeba yote mawili. Takwimu pia ni fani yenye bahati moja: kazi yako inaonekana. Unaweza kumwekea mwajiri mezani uchambuzi ulioufanya akauona kwa macho yake. Na kama moyo wako utakuja kutaka kufundisha na kufanya utafiti chuo kikuu, jina linalohesabika zaidi ni la chuo utakakosomea uzamivu, yaani shahada ya udaktari (PhD). Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 kuhusu wahadhiri wa vyuo vya Marekani ulikuta kwamba asilimia 80 ya waliosomea uzamivu wao nchini humo walitoka katika moja ya tano tu ya vyuo. Huko ndiko jina linakobana kweli, na huko katika sayansi, takwimu ikiwemo, mwanafunzi wa uzamivu mara nyingi hulipiwa ada na kupewa posho. Shahada ya kwanza yenye alama za juu na profesa anayekujua vizuri kiasi cha kukuandikia barua yenye maelezo ni njia nzuri ya kufika huko.

Mambo mawili yangenifanya nigeuze ushauri huu. Moja ni chuo cha kwanza kukukubalia kwa maandishi kuhamia takwimu, na wakati huohuo kuongeza ufadhili hadi deni liwe dogo. La pili ni chuo cha pili kushindwa kujibu maswali nitakayokupa.

Wiki tatu zinatosha, ila anza kesho. Waandikie chuo cha kwanza barua pepe ya heshima, waambie umepata ufadhili kamili kwingine, ambatisha barua ya ufadhili huo, na uombe wapitie upya msaada waliokupa. Watu wengi hawajui kwamba hilo linaruhusiwa. Vyuo vingi vina utaratibu wake na kwa kawaida mtu hanyang'anywi nafasi kwa kuuliza kwa adabu. Katika barua hiyohiyo uliza masharti ya kuhamia takwimu, na mwaka jana wangapi waliomba wakakubaliwa. Uliza pia wana mpango gani kwa wanafunzi ambao ni wa kwanza katika familia zao: nani anawasimamia, na wangapi walipata mafunzo ya kazini kupitia mpango huo.

Chuo cha pili waulize katika kila wanafunzi 100 wanaoanza takwimu, wangapi wanamaliza kwa muda uliopangwa. Waulize wahitimu wa miaka mitatu iliyopita wako wapi, na kama unaweza kuzungumza na wawili wao. Waulize nani anafundisha mwaka wa kwanza. Halafu soma masharti ya ufadhili mstari kwa mstari: unatakiwa kubaki na wastani gani wa alama, na ukishuka muhula mmoja unanyang'anywa au unapewa onyo? Ufadhili kamili unaoweza kukatika mwaka wa pili ni deni lililochelewa.

Majibu yakifika, kaa na baba na mama pamoja, usimfuate mmoja mmoja. Msomee baba sehemu niliyosema ana hoja, aanze nayo hiyo. Kisha niandikie mlichopata, hasa kuhusu kuhama kozi, tuipime tena kabla hujasaini.